Tete la Uzi wa Bluu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mambo yangu yalifikia hapa. Mimi, Nedra Kuhlmann, binti wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Wisconsin, nasomea uuguzi. Muziki sisomei. Niliingia okestra ya chuo kwa kupenda tu kupiga zumari, na siku ya usaili nikajikuta nimemng'oa Whitney Stroud, mwanafunzi wa muziki wa mwaka wa mwisho, kwenye kiti cha kwanza.

Sikumwibia mtu. Usaili wetu hufanyika nyuma ya pazia. Unaingia umevua viatu ili mwalimu asijue kwa mlio wa kisigino kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Unapewa namba, unapiga, unatoka. Dokta Brandvold, kiongozi wa okestra, alichagua namba yangu. Pazia lilipofunguliwa akakuta kachagua nesi.

Tangu hapo jina langu likawa hilo. Nesi, nipime presha. Nesi, mgongo unaniuma, nikande. Nilikuwa nacheka nao, mpumbavu mimi, nikidhani ndiyo kuzoeana.

Kiti cha kwanza si mapambo. Anayekikalia ndiye anayetoa sauti mwanzoni, na okestra nzima inalinganisha vyombo kwa sauti hiyo. Na pale ambapo zumari inalia peke yake, ndiye anayepiga. Wa pili kazi yake ni kumsindikiza kwa chini.

Wiki iliyopita niliwaacha pale baba aliponipigia simu kuniambia atakuja kwenye tamasha la Jumapili. Nyie mnaosoma mnaweza kuona ni jambo dogo. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni, iwe Krismasi, iwe msiba. Siku tuliyomzika mama, baba alitoka makaburini akaenda moja kwa moja zizini na suti yake, hakutaka mtu mwingine ashike chuchu za ng'ombe wake. Safari hii kamwomba jirani amkamulie.

"Nasikia kuna mahali unapiga wewe tu, wengine wote wananyamaza," alisema.

"Ndiyo, baba. Sehemu ya pili, ile ya polepole."

"Basi hapo ndipo nitasikiliza. Kwingine naweza kusinzia, usinilaumu."

Baba hakuwahi kunisikia jukwaani hata mara moja. Mimi ni mtu mzima, lakini nilikata simu nikalia.

Sasa tuendelee na mikosi yangu.

Alhamisi ya wiki ya tamasha nilirudi mazoezini baada ya kuugua mafua. Okestra imekaa, kimya. Desmond, kiongozi wa wapiga fidla, akasimama akanitikisia kichwa, maana yake nitoe sauti. Nikaweka zumari mdomoni nikapuliza.

Ikatoka pumzi tupu.

Nikapuliza tena. Ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa. Mtu wa trombo, tarumbeta lile la kuvuta, akaguna kule nyuma.

Sauti ya zumari, kwa wasiojua, haitoki kwenye bomba lake. Inatoka kwenye tete, kijiti cha matete kilichochongwa kwa kisu na kufungwa kwa uzi, unakibana kwa midomo. Tete likifa, zumari yako ya thamani yote imekuwa fimbo. Nikabadili tete. La pili nalo bata. La tatu halikutoa hata hilo.

Yote matatu alinichongea Whitney. Wanafunzi wa muziki wanajichongea wenyewe. Sisi wengine tunachongewa na aliye mkubwa kwenye zumari, ndiyo desturi ya pale, na kunyang'anywa kiti hakukumwondolea Whitney kazi hiyo. Fikiria mwenyewe. Kiti changu kiko juu ya chake, na mdomo wa zumari yangu uko mikononi mwake.

Damu ikanipanda. Nikamgeukia hapo hapo, mbele za watu.

"Umeyafanya nini matete yangu?"

Whitney alikuwa anapangusa zumari yake kwa kitambaa. Hakuacha kupangusa.

"Nimeyachonga. Kama siku zote."

"Umeyaua. Umengoja wiki ya tamasha, umeyaua makusudi. Kama kiti kinakuuma, sema kinakuuma."

Mwenye ngoma akaacha kuchezea vijiti vyake. Dokta Brandvold akavua miwani. Whitney akanyoosha mkono, akachukua tete moja kutoka kwenye kiboksi changu, akalisogeza puani.

"Nedra," akasema taratibu, "umeyaosha na nini?"

"Spiriti. Nilikuwa na mafua, nikayaloweka yote yatoke vijidudu."

Kwanza alicheka mtu mmoja. Halafu wakacheka wote, kuanzia fidla mpaka ngoma. Yule wa trombo akasema, "Nesi, ungeyachemsha kabisa, utie na chumvi, tule." Desmond alijificha uso nyuma ya fidla yake, mabega yanamtikisika.

"Tete ni mmea," Whitney alinieleza, na hakusema kwa ukali, jambo lililoniuma zaidi. "Spiriti inalikausha, linakufa. Hayo tunafundishwa mwaka wa kwanza."

Mimi mwaka wa kwanza nilifundishwa kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya spiriti, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna kiumbe duniani atafanya kitu kile. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti changu.

"Whitney, tupe sauti," Dokta akasema.

Whitney akatoa sauti, imenyooka, safi, okestra nzima ikamfuata. Sikupiga hata noti moja siku ile. Nilikaa na zumari mapajani mpaka mwisho, na Dokta aliponipita mlangoni akasema bila kusimama, "Jumapili uwe na tete. Utalipata wapi, mimi sijui."

Asijue vipi, wakati mchongaji ni mmoja tu.

Ijumaa nilijikaza nisiende. Nilisema moyoni, heri nipige na matete ya dukani. Nikaenda dukani, nikajaribu, nikarudi. Matete ya duka ni ya watoto wa shule. Jumamosi asubuhi nikameza jeuri yangu, nikashuka ngazi hadi chumba cha kuchongea kule chini ya jengo la muziki.

Whitney alikuwa peke yake, kisu mkononi, aproni imejaa vumbi la matete.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Umekuja kuomba tete."

"Vyote viwili."

"Anza na la muhimu."

"Tete," nikasema, maana uongo ungekuwa na faida gani.

Akacheka kidogo. Akavuta kopo la rangi rangi, ndani mna matete yaliyokwisha kufungwa nyuzi, bado kuchongwa ncha. Whitney ana mtindo wake: mengine huyafunga uzi mwekundu, mengine uzi wa bluu. Tangu nichukue kiti cha kwanza alikuwa ananipa mekundu. Siku ile akatoa la bluu. Rangi niliiona, ila kwa hali yangu ningepokea hata lililofungwa kamba ya kiatu.

Akaanza kuchonga. Anachonga, analiinua kwenye taa, anapuliza, anachonga tena. Mimi nimesimama hapo kama mtoto aliyetumwa kibandani. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Unataka nini kwangu, Whitney?"

"Sitaki kitu."

"Mtu amekuita mwuaji wa matete mbele za watu, nawe unamchongea bure tu?"

"Mtu huyo ni wewe, usizunguke." Akapuliza vumbi. "Siku ya pazia unakumbuka ulipiga na tete la nani?"

Nilijua swali hilo litakuja siku moja.

"Lako."

"Lako lilipasuka, ukaja unatetemeka pale koridoni, macho mekundu. Nikakuazima. Nikasema nesi wa watu atafanya nini, aingie tu apige aende zake." Kisu kikasimama. "Dokta aliposoma namba yako nilijua amechagua kazi ya mikono yangu."

"Mapafu yalikuwa yangu. Na vidole."

"Ndiyo," akasema. "Na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo."

Nilimhurumia kwa muda mfupi, halafu nikakumbuka kicheko cha Alhamisi, huruma ikaisha.

Akanipa tete. Nikaliloweka mdomoni, nikajaribu noti chache za chini. Lilikuwa tamu. Sauti ilitoka yenyewe, laini, bila kusukumwa. Nikataka kupanda juu, kwenye zile noti za kipande changu cha peke yangu, akanishika mkono.

"Usilichoshe. Bado bichi. Liache lipumzike mpaka kesho."

"Whitney, ahsante. Sijui niseme nini."

"Usiseme. Kesho wewe piga tu utakachopangiwa."

Nikapanda ngazi nimefurahi. Nakwambia msomaji, nilipanda ngazi zile nikiimba.

Jumapili mchana baba akafika. Suti ile ile ya mazishi, imembana tumboni, mikono imesuguliwa mpaka imekuwa myekundu na bado inanukia zizi. Kwapani kashika mfuko wa jibini.

"Za wapi hizo?" nikamuuliza.

"Za kwa dereva wa lori la maziwa, mkewe anatengeneza. Wape na wenzako. Mtu haendi ugenini mikono mitupu."

"Baba, hapa si ugenini. Hapa ni kwangu."

Akanitazama na nguo yangu nyeusi ndefu, akafanya kama anakohoa.

"Mama yako angelia sana leo," akasema. Halafu akatoa mfukoni karatasi ya ratiba ya tamasha, kaikunja mara nyingi kama risiti. "Tazama. Msichana wa mlangoni kanionyesha. Zumari ya kwanza, Nedra Kuhlmann. Wameandika jina letu vizuri kabisa, wala hawajakosea herufi. Hii nampelekea yule jirani, maana hakuamini. Nimekaa mstari wa tatu, katikati."

Nikampeleka kwenye kiti chake. Nikarudi nyuma ya jukwaa nikiwa nimejaa furaha mpaka kooni, na hapo ndipo Dokta Brandvold aliponiita pembeni, karibu na masanduku ya fidla.

"Nedra, leo utakaa kiti cha pili."

Nilidhani anatania. Dokta si mtu wa utani.

"Kuna mwalimu amekuja kutoka Chicago kumsikiliza Whitney," akaendelea, sauti ya chini. "Akimpenda, atamchukua mwakani. Sasa akikaa cha pili atasikilizwa wapi? Kipande kile atapiga yeye."

"Dokta, baba yangu yuko mstari wa tatu."

"Atakuona. Utakuwa pale pale, kiti cha jirani."

"Hakuja kuniona. Kuniona angeniona nyumbani. Kaja kunisikia."

Akavua miwani, akaifuta. Ndivyo afanyavyo anapotaka kuonekana ana huruma.

"Ulinichagua wewe mwenyewe," nikamwambia. "Nyuma ya pazia. Hukumjua mtu."

"Nyuma ya pazia, ndiyo. Lakini tukishatoka nyuma ya pazia kuna maisha ya watu. Wewe una kazi inakungoja, mwanangu. Muuguzi hakosi kazi. Yule mwenzako ana hiki tu. Wewe kwako ni burudani, utaelewa."

Burudani. Saa zote nilizofanya mazoezi kwenye chumba cha kufulia nguo cha bweni, kwa sababu vyumba vya muziki ni vya wanaosomea muziki, kumbe nilikuwa najiburudisha.

"Umeamua lini?" nikauliza.

"Ijumaa. Nilimwambia Whitney akueleze."

Nikarudi kwenye meza yangu. Nikalitoa tete, nikaliloweka, nikapiga noti za chini. Tamu. Nikapanda. Katikati bado zuri. Nikapanda zaidi, pale juu ambapo kipande changu kinafika mwisho na kusimama, pale ambapo baba amekuja kusikia. Sauti ikakwaruza, ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika pale pale.

Ndipo nikauangalia ule uzi kwa macho yangu yote mawili.

Mekundu ni ya kiti cha kwanza, yanachongwa yapande juu bila tabu. Ya bluu ni ya kiti cha pili, yanachongwa kwa ajili ya noti za chini, za kusindikiza. Whitney alijua tangu Ijumaa. Jumamosi alinichongea nikimtazama, nikamshukuru.

Alikuwa kwenye kioo, anajifunga nywele.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Uliambiwa unieleze. Mbona hukunieleza?"

"Ningekueleza ungelikataa tete. Ungekuja leo na lile la dukani, tuaibike wote." Akanigeukia. Macho yake hayakuwa na ushindi, yalikuwa yamechoka. "Nimekuchongea tete zuri, Nedra. Halina kasoro. Ni zuri kwa kiti chako."

Kwa kiti chako. Kama angenizaba kibao ningemshukuru.

Nilichukua zumari yangu nikaingia jukwaani kabla ya wengine. Taa zilikuwa kali, watu bado wanatafuta viti vyao. Nikakaa kiti cha kwanza.

Whitney akaja, akasimama mbele yangu.

"Ondoka hapo."

"Karatasi ina jina langu. Watu wote humu wanayo."

"Usijifanye mtoto. Tete hilo halifiki juu."

"Najua."

"Utajiaibisha mbele ya baba yako."

"Hayo ni ya kwangu na baba yangu. Kaa, watu wanatutazama."

Na kweli walikuwa wanatutazama. Desmond alikuwa ameshatoka nyuma ya jukwaa, makofi yanapigwa, na ndiyo utaratibu wetu: akitoka kiongozi wa fidla, kila mtu awe kwenye kiti. Aliyebaki wima ni Whitney peke yake, na mtu wa Chicago yuko mahali fulani kwenye giza lile. Akakaa kiti cha pili. Nilimsikia akipumua kwa nguvu.

Desmond akageuka, akanikuta mimi pale. Akasita. Kisha akanitikisia kichwa, maana ukumbi mzima unangoja.

Nikapuliza. Sauti ya kulinganishia haiko juu, iko katikati, na pale katikati tete la Whitney halikuniangusha. Ilitoka imenyooka. Fidla zikanifuata, tarumbeta zikanifuata, yule wa trombo aliyesema nichemshe na chumvi akanifuata. Whitney naye akanifuata, kwa sababu hakuna njia nyingine. Nilimwona baba akimgusa jirani yake wa kiti, mtu asiyemjua, akininyooshea kidole.

Dokta Brandvold akatoka akitabasamu, akapanda jukwaa lake dogo, akatutazama. Tabasamu likabaki pale pale usoni, macho yakaondoka. Hakuweza kunifanya kitu mbele ya watu wale. Akainua kijiti chake cha kuongozea.

Sehemu ya kwanza ilipita. Zumari haina mengi pale, niliyapitia kwa chinichini. Ikaisha. Watu wakakohoa, wakageuza kurasa. Sasa ni ile ya polepole, na baada ya fidla kutangulia kidogo tu, ni mimi peke yangu.

Nikahisi kitu kikinigusa gotini. Whitney ameinama, kiganja wazi, na juu ya kiganja kuna tete la uzi mwekundu. Amelichomoa kwenye zumari yake mwenyewe, bado limelowa mate yake.

"Chukua," akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Kama sipigi mimi, basi walau lisikike langu."

Nikaliangalia. Nikilichukua, noti ya juu itafika, na mwalimu wa Chicago atasikia kazi ya Whitney, na watu wote walioko jukwaani watasema nesi kabebwa tena kama siku ile ya pazia. Nisipolichukua, baba yangu kamwachia jirani ng'ombe wake, kasafiri mwendo wa saa tano barabarani, aje asikie sauti ikikatika.

Kule mstari wa tatu baba alikuwa amejisogeza mbele kwenye kiti, kofia magotini, hasinzii.

Dokta akainua kijiti. Fidla zikaanza. Kiganja cha Whitney kilikuwa bado wazi.

(Itaendelea wiki ijayo.)